Mashindano ya Mpira Huja kwa Kontena

Tangu Septemba 27, 2023, siku Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipotangaza mjini Cairo kwamba Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON, la 2027, sisi maofisa wa forodha tumekuwa tukiulizwa maswali ya mpira kuliko ya ushuru. Linalorudi kila mara ni hili: Dar es Salaam kuwa mji wa bandari kunausaidia nini uwanja? Wapo wanaodhani mashabiki watashuka gatini na vuvuzela mkononi. Hawatashuka. Hata Doha mwaka 2022, kwenye Kombe la Dunia, meli za kitalii zilizotia nanga kule zilitumika kama hoteli. Waliolala humo walikuwa wametua uwanja wa ndege kama wengine. Shabiki huja kwa ndege, kwa basi au kwa gari lake. Kinachokuja kwa meli ni mashindano yenyewe.

Fikiria kinachotakiwa kuwepo kabla mpira haujaguswa. Taa za uwanja, viti, mashine za kukatia nyasi, jenereta, vibao vya matangazo vya umeme, nyaya kilomita kwa kilomita, magari ya kurushia matangazo ya televisheni, mabasi ya timu. Vitu vya haraka na vyepesi hupandishwa ndege. Vizito vyote hupita baharini, kwa sababu hakuna mhasibu atakayekubali kulipia jenereta nauli ya ndege. Mji usio na bandari huagiza vitu hivyohivyo, ila baada ya kushuka melini huanza safari ya pili ya barabara au reli, pengine na mpaka wa nchi katikati. Wenzetu wa Uganda wanalijua hilo vizuri: mzigo wao lazima upitie kwanza Mombasa au Dar es Salaam. Kila hatua inayoongezeka ni siku, ni gharama, na ni mahali pengine ambapo kontena linaweza kukwama.

Kwa Dar es Salaam umbali wenyewe ni mfupi kiasi kwamba watu huusahau. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliofunguliwa mwaka 2007 na unaobeba watazamaji 60,000, uko Temeke, wilaya ileile yenye Kurasini na mageti ya bandari. Gati namba 1 hadi 7 zimeongezwa kina hadi mita 14.5, na lipo gati maalumu la kushushia magari upande wa Gerezani. Basi la timu linaweza kushuka melini likiendeshwa kwa magurudumu yake na likafika uwanjani kabla injini haijapata moto sawasawa, nyaraka zikiwa zimekamilika. Nitairudia hiyo sehemu ya nyaraka, mniwie radhi.

Ukaribu huo una ubaya wake, na ni haki tuuseme. Barabara ya Mandela inayopita jirani na uwanja ndiyo hiyohiyo ya malori yanayotoka bandarini kwenda Ubungo na kuendelea bara. Aliyewahi kutoka Tazara kwenda Taifa, jina la zamani la uwanja huohuo, siku ya mechi ya watani Simba na Yanga hahitaji kuelezwa. Ndiyo maana Julai 31, 2025, ilipozinduliwa bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, baadhi yetu tuliona lile ni tukio la mpira pia, ingawa hakuna mtangazaji wa michezo aliyelitaja. Siku mbili baadaye, Agosti 2, CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilifunguliwa kwa Mkapa na timu yetu ya taifa, Taifa Stars, ikaifunga Burkina Faso 2-0. Kontena linalopakiwa kwenye behewa na kwenda kuhudumiwa Kwala ni lori moja pungufu mbele ya basi la wachezaji.

Bandari na mpira vimekaa pamoja kwingine pia. Mwaka 2010 Afrika Kusini ilipeleka Kombe la Dunia Durban, Cape Town na Port Elizabeth, bandari zote tatu. Morocco ilipoandaa AFCON ya 2025 iliutumia uwanja wa Tangier wenye jina la Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, wakati Kilwa ikitoza ushuru wake bila msaada wetu. Lakini mfano ninaoupenda ni San-Pédro, Côte d'Ivoire, mji ambao Watanzania wengi waliusikia kwa mara ya kwanza Januari 2024 Taifa Stars ilipocheza huko. San-Pédro ni bandari ya kakao. Stars ilifungwa na Morocco 3-0 pale, kisha ikatoka sare ya 1-1 na Zambia, Simon Msuva akifunga mapema na Patson Daka akisawazisha dakika ya 88. Kundi lile lilikuwa na Morocco, Zambia, DR Congo na sisi. Yaani timu tatu kati ya nne mizigo ya nchi zao inapita Bandari ya Dar es Salaam. Sikumbuki mchambuzi yeyote aliyeliona hilo.

Mengine niyapitie haraka. Mji wa bandari umezoea wageni, una maofisa wa afya, uhamiaji na forodha wanaofanya kazi usiku na mchana, unajua kukagua cheti cha chanjo ya homa ya manjano bila kusimamisha foleni nzima. Kwa Dar es Salaam kuna pia boti ya kwenda Unguja, takribani saa mbili, kwa hiyo mtu anaweza kutazama mechi kwa Mkapa leo na kesho akawa uwanja wa Amaan. Treni ya reli ya kisasa, SGR, inakwenda Dodoma tangu Julai 2024. Hayo mnayajua.

Msiyoyajua, au mnayojifanya hamyajui, ni ya ushuru.

Kuna imani imeenea kwamba kikishaandikwa "AFCON" kwenye karatasi, mzigo unapita bure. Si kweli. Msamaha wa kodi kwa mashindano hutolewa na Serikali kwa tangazo rasmi, na tangazo hilo humtaja anayesamehewa, bidhaa zinazosamehewa na matumizi yake. Anayehusika ni mwandaaji na wale aliowaorodhesha. Mwenye baa anayeagiza televisheni kumi ili wateja waone mechi hayumo. Mwenye duka Kariakoo hayumo. Mtu mmoja aliwahi kuniuliza kama akipaka jina la mashindano kwenye ubavu wa kontena itasaidia. Nilimwambia itasaidia sisi kulipata kwa urahisi.

Vifaa vinavyokuja kutumika na kuondoka vina njia yake, nayo ni uingizaji wa muda chini ya kifungu cha 117 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Mwombaji huandika kwa Kamishna wa Forodha kabla mzigo haujafika, akieleza ni vifaa gani, vinakuja kufanya nini, vitakaa muda gani na vitaondoka kupitia kituo gani. Anaambatisha orodha yenye aina, idadi, thamani na namba ya kila kifaa. Namba ya kila kifaa, si "kamera 14 na vikorokoro vyake", kama tulivyowahi kuandikiwa. Kibali kikitoka anaweka dhamana au amana inayolingana na kodi ambayo ingelipwa kama bidhaa zingebaki nchini. Mzigo ukifika unakaguliwa dhidi ya orodha. Ukiondoka unakaguliwa tena dhidi ya orodha ileile, ofisa wa kituo cha kutokea anathibitisha, na hapo ndipo dhamana inafutwa. Muda hauzidi miezi 12. Kifaa kikiuzwa, kikigawiwa au kikiachwa nchini bila ridhaa ya Kamishna, kodi yote inadaiwa, na dhamana iko pale kwa kazi hiyo.

Mashabiki wa Kenya na Uganda watakaokuja na magari yao kupitia Namanga, Horohoro, Sirari au Mutukula wafuate mantiki hiyohiyo kwa kiwango kidogo. Wachukue kibali cha muda cha gari pale mpakani na wawe na bima inayotambulika nje ya nchi yao, ambayo wengi wanaijua kama Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, miaka mingi iliyopita lakini imo katika mpango huo wa bima, kwa hiyo hakuna haja ya kubishana na ofisa kuhusu siasa za jumuiya.

Sasa jezi. Hapa ndipo malalamiko yanapoongezeka kila mashindano yakikaribia, na hapa ndipo nitaomba uvumilivu wa msomaji kwa hesabu. Nguo zilizoshonwa ziko kwenye kiwango cha juu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, asilimia 35, kilichoanza Julai 2022 kulinda viwanda vyetu. Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi 1,000,000. Ushuru wa forodha ni 350,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 haihesabiwi kwenye ile milioni moja peke yake. Inahesabiwa kwenye 1,350,000, nayo ni 243,000. Jumla 593,000 kabla ya tozo nyingine. Anayekuambia "clearing", yaani kuutoa mzigo bandarini, "ni laki mbili tu, niachie mimi" hajui hesabu, au anaijua sana na wewe ndiye usiyeijua.

Maana njia ya laki mbili hupita kwenye ankara ya uongo. Kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinasema anayetoa tamko la uongo au nyaraka za uongo anaweza kufungwa hadi miaka mitatu au kutozwa faini isiyozidi dola 10,000 za Marekani. Kifungu cha 200 kinawagusa wanaoingiza au kukutwa na bidhaa zisizolipiwa ushuru: kifungo hadi miaka mitano, au faini ya asilimia 50 ya thamani ya bidhaa kwa hesabu ya forodha. Bidhaa zenyewe hutaifishwa. Watu hupenda kusema "mimi nilimwachia wakala". Wakala hutenda kwa niaba yako. Jina lililo kwenye tamko ni lako.

Jezi feki ni kesi nyingine tena, na haiponi kwa kulipa kodi. Nembo ya timu au ya mashindano ina mwenyewe. Bidhaa bandia zikishikwa, Tume ya Ushindani huingia, na mwisho wake mara nyingi ni kuteketezwa kwa gharama ya mwenye mzigo. Kwamba "hata fulani anauza" si utetezi ambao nimewahi kuuona ukishinda.

Kwa waagizaji halali nina ombi moja, na nalisema bila ukali: msisubiri meli. Sheria inaruhusu tamko liwasilishwe kabla mzigo haujafika, lakini bado wengi huanza kutafuta wakala kontena likiwa tayari chini, kisha hulalamika kwamba bandari ni ghali. Kinachowauma ni tozo ya kuhifadhi na ya kuchelewesha kontena, ambayo ingekwepeka kwa kuanza wiki mbili mapema. Mzigo uliopelekwa ghala la forodha na kukaa siku 30 hutangazwa. Siku 30 nyingine zikipita bila mwenyewe kuutoa unahesabiwa umetelekezwa, na unaweza kupigwa mnada. Jezi za AFCON zikipigwa mnada Septemba, baada ya kombe kwenda kwao, hata mnunuzi wa mnadani huzionea huruma.

Na kwa wanahabari na mafundi wa televisheni walioingia na vifaa kwa kibali cha muda: mkiondoka usiku wa mechi ya mwisho kupitia Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, piteni dirisha la forodha kabla ya kukabidhi mizigo kwa shirika la ndege. Sanduku likishapanda kwenye mkanda hatuwezi kusoma namba ya kamera iliyo tumboni mwa ndege, na dhamana yenu itabaki wazi hadi mtakapothibitisha, kutoka huko mlikofika, kwamba kamera ile haiko Dar es Salaam.