Kitabu Chini ya Kaunta

Nina duka la steshenari Moshi mjini, si mbali na stendi. Fotokopi, kuchapa barua, kulaminisha vyeti. Umeme ukikatika kazi inalala, nami natoa kitabu chini ya kaunta. Miaka hii miwili nimesoma zaidi riwaya za upelelezi na zile za dunia za kubuni: sayari nyingine, viumbe wageni, miji ya kesho. Nyingi ni mitumba, nazipata soko la Memorial kwa mama mmoja anayeuza mikoba na kutupia vitabu pembeni ya turubai. Mteja akiliona jalada hakosi la kusema, na mengi wanayoyasema si kweli.

"Hizo ni hadithi za Wazungu"

Hii ndiyo naisikia kuliko zote. Mara ya mwisho aliisema mzee mmoja wa Old Moshi aliyekuja kudurufu karatasi za kihamba, shamba la ukoo. Akaona chombo cha angani kwenye jalada, akacheka. "Mwanangu, Wazungu wamekosa kazi."

Nikamuuliza, "Mzee, Murile unamjua?"

Akanitazama kama niliyemtajia jina la jirani yake wa zamani. Murile ni kijana wa hadithi za Kichagga. Alipata gimbi lililofanana na mtoto, akalisemea maneno, likawa mtoto kweli, akawa anampelekea chakula chake kwa siri. Mama yake akagundua, akamuua yule mtoto. Kwa uchungu Murile akakalia kigoda cha baba yake, akakiamuru kimpandishe juu, kikapaa. Akatembea huko angani hadi kwa watu wa Mwezi, akawakuta wanakula vyakula vibichi maana moto hawaujui. Akawaonyesha kupekecha moto, wakamlipa ng'ombe na mbuzi. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann aliiandika hadithi hii mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Apollo 11, chombo cha kwanza kufikisha watu Mwezini, haijawazwa na mtu. Kijana kafika Mwezini kwa kigoda, kapeleka teknolojia, karudi na mali. Ukiniambia hiyo si bunilizi ya kisayansi, niambie basi ni nini.

"Umemruka fahali," mzee akasema. Akanisimulia mwenyewe: njiani kurudi Murile alichoka, fahali mmoja akakubali kumbeba kwa sharti kwamba asile nyama yake. Nyumbani fahali akachinjwa, mama akaficha mafuta yake kwenye chakula, Murile akala bila kujua, ardhi ikammeza. Umeme ulikuwa umesharudi. Zile karatasi za kihamba zikasubiri.

Tukija kwenye vitabu vyenyewe, mwaka 1951 Shaaban Robert alishatoa *Kusadikika*, nchi inayoelea hewani. Kwa upelelezi, *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa 1960. Ni kweli mpelelezi wake, Bwana Msa, ana harufu ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa riwaya za Kiingereza, mpaka kiko anacho. Lakini alichoazima ni kiko. Kaburi, mzimu, ndugu wanaotiliana shaka, hivyo vyote ni vya Unguja. Baadaye wakaja wapelelezi wengine, Willy Gamba wa Elvis Musiba, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao baba zetu walisoma hadi majalada yakachomoka. Sisi ndio tuliosahau.

"Ni mambo ya mashine tu"

Dada mmoja anayeleta mitihani ya shule kuchapwa huniambia hawezi kusoma riwaya za kesho kwa sababu alifeli Fizikia. Nami nilifeli. Bado nimesoma *Rosewater* ya Tade Thompson, iliyopata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 2019. Ni Nigeria ya mwaka 2066. Kuna kuba la viumbe wageni, mji mzima umeota kulizunguka, na mara moja kwa mwaka kuba hufunguka na wagonjwa waliojazana nje hupona.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Hili nimeliona! Mwaka 2011, magari yakipita huku kuelekea Arusha na kuendelea mpaka Samunge, kwa Babu wa Loliondo, yule mchungaji mstaafu aliyegawa dawa, kikombe kimoja shilingi 500. Foleni ile ya kilomita na kilomita, wagonjwa wa kubebwa, watu kulala porini. Thompson anaandika viumbe wageni, lakini anachokijua hasa ni umati unaotaka kupona. Tena uponyaji wa kwenye kitabu una kasoro zake: wengine miili inaungwa vibaya, na wafu wanaamka wakiwa hawana nafsi. Kitabu chenyewe si rahisi. Sura moja uko 2066, inayofuata umerudishwa nyuma miaka, na mara mbili nilipotea nikafunua kurasa za mwanzo kujua niko wapi. Sikufurahia hilo, lakini sikukiacha.

*Binti* ya Nnedi Okorafor, iliyochukua tuzo za Hugo na Nebula mwaka 2016, niliinunua kwa jina tu. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, hodari wa hesabu, anatoroka kwao kwenda kusoma chuo kwenye sayari nyingine, mwilini kajipaka udongo mwekundu wa nyumbani. Ule udongo ndio moyo wa hadithi kuliko chombo kinachombeba. Tatizo langu ni suluhu: viumbe wanaua abiria wote wenzake, na baada ya muda mfupi mno watu wanapatana. Kwetu hata ugomvi wa mpaka wa migomba hauishi haraka hivyo.

Anayesema mashine hazina utu nampa *All Systems Red* ya Martha Wells. Roboti mlinzi anavunja programu inayomdhibiti, anakuwa huru, angeweza kuangamiza watu. Anachofanya ni kutazama tamthilia, vipindi kwa maelfu, na kukereka watu wakimsemesha. Shangazi yangu mtupu.

"Zinafundisha watu uhalifu"

Anayejifunzia uhalifu humo angepata hasara. Kitambaa cha klorofomu, ile dawa ya usingizi, puani na mtu anaanguka palepale? Rafiki yangu nesi wa usingizi hucheka nikimsomea: inahitaji kuvutwa mfululizo kwa dakika kadhaa. Kiziba sauti cha bastola hupunguza mlio tu, jirani bado anausikia. Na vinasaba (DNA)! Kwenye riwaya majibu yanatoka kabla chai haijapoa. Hapa Tanzania tuna sheria ya vinasaba vya binadamu tangu 2009, vipimo viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huendi dirishani na unywele kwenye bahasha; ombi hupitia mamlaka kama mahakama au polisi.

Kuna pia wanaosema hii si fasihi, ni "riwaya pendwa", za kujiburudisha tu. Hao huwa hawajazisoma, siwapotezei umeme.

"Ukishamjua muuaji, kitabu kimekwisha"

Hii inasemwa na wasomaji wenyewe, tena na waandishi wa siku hizi wameiamini kupita kiasi. Nimesoma riwaya kadhaa za karibuni ambazo zinaishi kwa ajili ya kurasa kumi za mwisho: mara maiti si maiti, mara msimulizi ndiye aliyeua, mara ana pacha. Ukishashtuka mara moja, huna sababu ya kukirudia kitabu. Wahusika wamepangwa kama viti vya kukodi, kesho wanarudishwa.

Oyinkan Braithwaite alifanya kinyume katika *My Sister, the Serial Killer* ya 2018. Muuaji unamjua tangu mwanzo: Ayoola, mrembo wa Lagos, anampigia simu dada yake nesi, Korede, kwamba ameua tena. Korede anafika na dawa za kusafishia. Swali linalokubakiza macho ni mpaka lini dada mkubwa atafuta damu ya mdogo wake, na kwa nini. Mimi ni mtoto wa kwanza kati ya sita. Nilikisoma usiku mmoja, nikashindwa kumhukumu Korede kama nilivyotarajia.

Ushahidi mwingine ninao hapa kaunta. Mwaka jana nilinunua kwa yule mama wa mikoba riwaya ya upelelezi isiyo na jalada wala kurasa za mwisho. Inaishia mpelelezi amekaa jikoni kwa mjane wa marehemu, mjane anamenya ndizi, kisu mkononi, na hakuna anayesema neno. Nimeisoma mara tatu. Kila mara namshuku mtu mwingine, na mara ya mwisho nilimshuku mpelelezi. Nililipa buku mbili, na sijarudi kuulizia zilizochanika.