Kabla hujanunua kimondo, ulizia karatasi yake kwanza

Mwaka 2022 pale Christie's, nyumba ya minada, kiliuzwa kibanda cha mbwa. Kibanda cha kawaida kabisa, mbao na bati lenye tundu juu, mbwa mwenyewe anaitwa Roky na anaishi Costa Rica. Kiliondoka kwa dola 44,100. Sasa lile jiwe lililotoboa hilo bati, lenyewe ndo limetoka angani mwezi Aprili 2019, kwenye mnada huohuo lilienda kwa dola 21,420, hata nusu ya bei ya banda halikufika. Watu nikiwahadithia wanacheka wanasema kuna watu pesa zimewazidi, ila mi kila mtu akinipigia kutaka kununua au kuuza kimondo naanza na hiyo stori ya Roky, kwa sababu ukiielewa hiyo umeielewa biashara yote. Hapa unalipia habari ya jiwe, pamoja na uthibitisho kwamba hiyo habari ni ya kweli. Jiwe lenyewe linakuja kama nyongeza tu.

Mi ni mjiolojia, nimekaa Mbeya miaka mingi kabla ya kuhamia Dar, na vimondo nilianza kukusanya kwa ubishi tu baada ya kwenda kukiona kile cha Mbozi. Tani 16 za chuma na nikeli zimelala pale Ndolezi, na hadi leo wanasayansi hawajakipata ndugu yake, kwenye orodha kimeandikwa ni chuma kisicho na kundi. Nikasema aisee, na mimi lazima niwe na kangu hata ka gramu mbili.

Kosa langu la kwanza nililifanya hapohapo. Nilinunua mtandaoni kipande kizuri kimekatwa kikasuguliwa, muuzaji akaniambia ni cha aina adimu, nikalipa, kikafika kwenye bahasha bila karatasi, bila namba, bila jina. Nikamwandikia, kimya. Kimondo ni cha kweli, nimekipima mwenyewe, ila nikitaka kukiuza leo hakuna mtu atakayenipa zaidi ya bei ya mawe ya kawaida kabisa ya Sahara kwa sababu siwezi kuthibitisha ni kipi. Kipo kabatini, nakitumia kufundishia.

Jina linapatikanaje? Kimondo hupewa jina la mahali kilipoanguka au kilipookotwa, na jina linapitishwa na Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo, wana orodha yao mtandaoni inaitwa Meteoritical Bulletin, ni bure, unaandika jina linakuja na aina, uzito na mwaka. Ili kiingie humo lazima mtaalamu akichambue maabara na kipande kiachwe kwenye taasisi inayotambulika, gramu 20 au asilimia 20 ya uzito wote, inachukuliwa iliyo ndogo. Yale ya jangwani Morocco na majirani zake ambayo hakuna anayejua hasa yameokotwa wapi yanapewa herufi NWA (Northwest Africa, yaani Afrika Kaskazini Magharibi) na namba. Kwahiyo mtu akikwambia anauza NWA muulize namba ngapi, halafu nenda kaitafute. Akisema haina namba si lazima awe mwizi, mawe mengi hayajachambuliwa, ila basi na bei iwe ya jiwe ambalo halijachambuliwa. Mi hayo nimeshanunua kwa dola moja moja kwa gramu, hata chini ya hapo.

Upande wa pili wa ngazi sasa kuna kitu kinaitwa Ivuna. Na hapa naomba Watanzania wenzangu mtulie kidogo, kwa sababu Mbozi tunaijua wote ila Ivuna ukiwauliza watu kumi labda mmoja ndo kaisikia, tena anajua ni kata ya Momba. Tarehe 16 Desemba 1938 huko kusini mashariki mwa Ziwa Rukwa vilianguka vimawe vyeusi vilaini, vyote jumla vikapatikana gramu 705, yaani hata kilo ya sukari haifiki. Ukivishika vibaya vinamomonyoka. Lakini vimondo vya kundi hilo vilivyoonekana vikianguka duniani kote ni vitano tu, viwili Ufaransa, kimoja India, kimoja Canada na hiki chetu, na kundi zima linaitwa CI, hiyo I ni ya Ivuna. Ukiondoa gesi, uwiano wa elementi zake unakaribia kabisa ule wa Jua, kwahiyo wanasayansi wanaotaka kujua mfumo wetu wa jua ulipikwa na nini wanaanzia hapo. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Natural History Museum la London lilinunua kipande kikubwa kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani, wakakihifadhi ndani ya naitrojeni hewa yetu isikichafue. Wajapani walipoleta mchanga wa Ryugu, asteroidi, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua, mwaka 2020, kama gramu tano na nusu kwa gharama za chombo kizima cha anga, wakaupima wakakuta unafanana na nini? Na mawe ya Momba.

Vipunje vya Ivuna vikiingia sokoni, kwa nadra sana, vinauzwa kwa miligramu. Sina. Nimeshaviangalia mara mbili kwenye skrini nikafunga kompyuta nikaenda kulala.

Turudi huku chini kwenye maisha halisi, maana simu ninazopokea hazihusu Ivuna, zinahusu "bosi kuna mzigo". Picha ya jiwe jeusi zito juu ya gunia, pembeni sumaku imeng'ang'ania, na bei ina sifuri nyingi kuliko namba ya simu. Mengi yanatoka Sumbawanga na vijiji vya jirani na siku hizi nikisikia tu Ufipa nacheka kwanza, kwa sababu Wafipa walikuwa wafua chuma hodari, walikuwa na tanuru ndefu za udongo wanaziita malungu, na makapi ya kuyeyusha chuma yamezagaa kwenye vilima hadi leo. Mazito, meusi, yameyeyuka, mengine yanashika sumaku, yaani kila sifa ambayo mtu wa kawaida anadhani ni ya kimondo. Sema yana matundu ya mapovu kama mkate, na kimondo karibu kamwe hakina mapovu. Ukiona vitundu vidogo vidogo ndani, rudisha mzigo kwa heshima.

Mawe ambayo hayana mapovu napima na tiles. Chukua kigae cha bafuni, geuza mgongo usio na rangi inayong'aa, sugua jiwe kwa nguvu. Likiacha mstari mwekundu wa kahawia hiyo ni hematiti, likiacha mweusi kabisa kama penseli hiyo ni magnetaiti, na hizo mbili, madini ya chuma ya hapahapa ardhini, peke yake ndo nusu ya "vimondo" vyote nilivyoletewa. Kimondo kwa kawaida hakiachi kitu au kinaacha mstari hafifu tu. Halafu angalia ngozi, kilichoanguka karibuni kina ganda jembamba jeusi la kuungua, jembamba kweli, unene wake kama ganda la yai, na vya chuma mara nyingi vina mabonde kama mtu kabonyeza udongo kwa kidole gumba. Sumaku ndio, lakini ifunge kwenye uzi ining'inie uone kama inavutwa, usichukue zile sumaku kali za spika ukasugua jiwe zima, kwa sababu vimondo vingine vimetunza kumbukumbu ya sumaku ya mabilioni ya miaka na wewe unaifuta kwa sekunde moja. Hilo limeshaharibu vipande vya maana vilivyotoka sayari ya Mars (Mirihi).

Wale wanaosema kimondo chao kinavuta mchele au kinazima tochi, hao ni ndugu wa damu wa matapeli wa rupia za Mjerumani na zebaki nyekundu. Usibishane nao, we aga tu.

Na si kila chuma kinachotoka juu ni kimondo. Pale Mukuku, Makueni, tarehe 30 Desemba 2024 lilianguka pete la chuma la mita mbili na nusu, karibu kilo 500, na shirika la anga la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Nilipigiwa simu na watu wanaulizia bei.

Ukishanunua cha kweli sasa vita yako ni kutu, na hapa blogu za wenzetu wa Arizona hazitusaidii maana wao wanaishi kwenye hewa kavu. Sisi Dar jamani! Nilikuwa na kipande cha Campo del Cielo cha Argentina, chuma, ndo vile vinavyouzwa rahisi kuliko vyote, nikakiweka sebuleni juu ya rafu kama pambo, masika yakapita, nikarudi kukuta kinatoa jasho la rangi ya chai na chini kimeacha unga mwekundu. Ndani mle kuna klorini, ikikutana na unyevu inakula chuma kutoka ndani, kupangusa juu hakusaidii. Weka kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, zile pakiti zinazokuja kwenye mabegi na viatu, na uzibadilishe au uzikaushe kila zikijaa. Usikishike na vidole vya jasho. Ukitaka cha kuanzia ambacho hakisumbui sana nakushauri Sikhote-Alin, kilichoanguka mashariki ya mbali ya Urusi tarehe 12 Februari 1947, kinashikilia vizuri na vipande vyake vilivyopasuka vimejikunja kama vigae vya bomu, mtoto wa mtu akiona lazima aulize ni nini.

Sheria nayo iko nchi kwa nchi. Shemeji yangu yuko Muscat, akaniuliza kama akienda Dhofar na gari aniokotee maana jangwa lile limejaa. Nikamwambia asithubutu, Oman hairuhusu kuyatoa nje, na mwaka 2011 Wamarekani wawili walifungwa huko baada ya kwenda kutafuta vimondo. Namibia wanalinda vimondo vyao vya chuma vya Gibeon. Niger ndo wamechachamaa juzijuzi tu, baada ya jiwe la Mars la kilo 24.67, NWA 16788, kuokotwa Agadez na kisha kuuzwa kwenye mnada wa Sotheby's New York Julai 2025 kwa dola milioni 5.3, serikali ikafungua uchunguzi jiwe limetokaje. Na kile cha Mbozi ni urithi wa taifa, kwahiyo mtu akikuletea "kipande cha Mbozi" kimekatwa jana, huyo aidha ni muongo au ni mhalifu, na vyovyote vile we usinunue.

Mi nilichonacho cha hapa kwetu Afrika Mashariki ni Mbale. Kilianguka Uganda tarehe 14 Agosti 1992, karibu kilo 150 za mawe zikamwagika juu ya mji, na kipande cha gramu 3.6 kikapita kwenye majani ya mgomba kikampiga kijana mmoja kichwani, kwa vile mgomba ulishakipunguza kasi hakikumuumiza. Changu ni gramu 2 na kidogo, hakijampiga mtu, nilikipata kwa mkusanyaji mzee wa Ujerumani aliyekuwa anauza vitu vyake kabla hajahamia nyumba ndogo. Alinitumia na kadi yake ya zamani imeandikwa kwa mkono, tarehe, uzito, alinunua kwa nani. Kimondo kipo kwenye kopo la silika na wenzake. Kadi nimeilaminisha, nakala moja ipo kwa mke wangu.