Jirani ameingia kwenye ploti yako? Kazi inaanzia kwenye bikoni

Nusu mita haionekani kuwa kitu mpaka uipigie hesabu. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina upande mrefu wa mita 30.48. Jirani akisogea nusu mita kwenye upande huo wote, amechukua zaidi ya mita za mraba 15, nafasi ya kutosha bedsita na choo chake. Kwa bei ya ardhi ya Nairobi hizo ni pesa za kuuma. Ndiyo maana mtu hukimbilia kwa wakili au kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku ile ile fundi wa jirani anapoanza kuchimba msingi. Ndiyo maana pia kesi za namna hii hutupwa nje kabla ya kusikilizwa: zimeanzia mwisho.

Kabla ya kumgombeza mtu, jua mpaka wako ni wa aina gani. Kenya ina aina mbili, na makosa mengi hutokana na kuzichanganya.

Aina ya kwanza ni mpaka uliopimwa kwa usahihi. Hii ndiyo ya sehemu kubwa ya Nairobi yenye namba za L.R. (Land Reference), ambazo sasa zinabadilishwa kuwa namba za Block. Kila kona ina bikoni, yaani alama ya mpaka, kwa kawaida nondo iliyosimikwa kwenye zege, na kila bikoni ina majira yake yaliyoandikwa, yaani namba zinazoonyesha mahali hasa ilipo. Kwenye ramani ya ploti utaona I.P.C. pembeni ya kona: nondo ndani ya zege. Ukiona I.P.C.U., bikoni hiyo ilizikwa chini ya udongo, kwa hiyo usiseme haipo kwa sababu tu huioni. Chimba kwanza, taratibu, tena mbele ya mpima. Hapa ukuta, ua na mti havina neno la mwisho. Neno la mwisho liko kwenye rekodi za upimaji.

Aina ya pili ni mpaka wa jumla. Ukienda Dagoretti, sehemu za Waithaka, Riruta na Mutuini, au ukivuka kuingia Kikuyu na Kiambaa, utakuta hatimiliki zilizotokana na ugawaji wa zamani wa mashamba. Huko mpaka ni kile kilichoko ardhini: ua wa michongoma, mtaro, njia, au mstari wa itoka, mmea wa maua ambao wazee wa Kikuyu walipanda mpakani na kuung'oa kulikuwa mwiko. Ramani ya masjala ya ardhi inaonyesha tu ploti iko wapi kwa takriban, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 18, inasema hivyo waziwazi. Sababu ni hesabu rahisi. Ramani hizo mara nyingi ni za kipimo cha 1:2,500, ambapo milimita moja ya karatasi ni mita mbili na nusu za ardhi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25. Mtu anayeweka rula juu ya ramani hiyo na kudai futi tatu kwa jirani yake anapima unene wa wino. Vivyo hivyo ukubwa ulioandikwa kwenye hati ya aina hii ni wa kukadiria. Kupungukiwa kidogo si ushahidi kwamba umeibiwa.

Kusanya karatasi kabla ya maneno. Fanya upekuzi rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali wa mtandaoni uliozinduliwa tarehe 27 Aprili 2021 na kuanzia Nairobi, upate kuthibitisha mmiliki, namba na ukubwa. Pekua hati yako na pia ya jirani, kwa sababu pengine anayejenga si mwenye ploti, na notisi ikienda kwa mpangaji au kwa msimamizi wa ujenzi haina uzito. Kisha tafuta nakala ya ramani ya upimaji na majira ya bikoni kutoka Survey of Kenya, makao yake yaliyoko Ruaraka kando ya Thika Road. Kwa ploti za Dagoretti na kwingineko kwenye mpaka wa jumla, tafuta ramani ya masjala pamoja na fomu ya ugawaji iliyotumika shamba la baba lilipokatwa, kwa maana hiyo ndiyo yenye vipimo. Kama namba yako ya L.R. imegeuzwa kuwa ya Block, usishtuke: kinachobadilika ni jina la ploti kwenye rejista. Bikoni hazikuhama.

Wenye ploti za kampuni za kununua ardhi, ambao wana cheti cha hisa tu na hawajapata hatimiliki, wako pabaya zaidi. Ardhi isiyosajiliwa kwa majina yenu haina mpaka ambao Msajili wa Ardhi anaweza kuutafuta kwenye rejista. Hapo ramani ya kampuni na mpima wake ndivyo vya kuanza navyo, na mkubaliane na majirani kwa maandishi mapema.

Sasa, kuta hukosewaje? Si mara zote ni uchoyo. Fundi akifika kwenye ploti ambayo bikoni zake hazionekani, hupima kutoka kwenye ukuta wa jirani aliyetangulia. Ukuta wa mawe ya inchi sita una sentimita 15, na plasta juu yake. Kama mtu wa kona aliweka ukuta wake wote nje ya mstari, wa pili naye akapima futi zake hamsini kuanzia hapo, kosa linasukumwa kutoka ploti hadi ploti na kuongezeka kila linapopita. Wa mwisho kwenye mstari ndiye anayekosa ardhi, naye humlaumu jirani wa karibu ambaye hana hatia yoyote. Kwa hiyo ukipungukiwa, usipime upande mmoja tu. Pima safu nzima.

Kosa jingine limejificha chini. Msingi wa ukuta huo kwa kawaida huchimbwa upana wa futi mbili, yaani sentimita 60. Ukuta ukisimama katikati ya msingi, zege linatokeza zaidi ya sentimita 20 kila upande. Hata kama uso wa ukuta umekaa sawasawa kwenye mstari, msingi uko kwa jirani. Anayejenga ukuta wake peke yake anapaswa kuurudisha ndani hadi ukingo wa msingi, si uso wa jiwe, ndio uguse mstari. Mkitaka ukuta wa pamoja katikati ya mpaka, andikeni: nani analipa nini, na kwamba msingi uko pande zote kwa ridhaa.

Halafu kuna simu. Naomba watu waache kabisa kutafuta bikoni kwa ramani ya simu. Simu ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa hata uwanjani palipo wazi, na katikati ya maghorofa hukosea zaidi. Tena majira ya kwenye ramani za zamani za Nairobi yako kwenye mifumo tofauti na ule wa simu. Ukiyaingiza jinsi yalivyo bila kuyageuza, unapelekwa mamia ya mita mbali, pengine kwenye mtaa mwingine.

Mpima unayemtaka ni yule mwenye leseni chini ya Sheria ya Upimaji, Sura ya 299. Muulize namba yake ya leseni na uithibitishe na Bodi ya Wapima Ardhi. Kijana mwenye mashine ya kupimia anaweza kuwa hodari sana, lakini ripoti isiyo na sahihi ya mwenye leseni haitakusaidia popote. Mpima mzuri hataki kuanzia kwenye kona yako inayogombaniwa. Anatafuta kwanza bikoni za asili ambazo hazijaguswa, angalau tatu, hata kama ziko ploti sita mbali, anapima umbali kati yake, na kulinganisha na rekodi. Zikikubaliana ndipo anarudi kwako na kurudisha kona yako mahali pake. Kwa vifaa vya setilaiti vya kisasa anaweza kuifikia ndani ya sentimita chache. Mwishoni mwambie akupe cheti cha bikoni na mchoro unaoonyesha mambo matatu: alianzia bikoni zipi, alikuta tofauti gani, na ukuta umevuka mstari kwa kiasi gani kwenye kila kona. Hilo la mwisho husahaulika, na bila hilo una maneno matupu.

Wapima wawili wakitofautiana, mara nyingi ni kwa sababu kila mmoja alianzia bikoni nyingine, na mojawapo ilishahamishwa na trekta au kung'olewa na wauza vyuma chakavu kisha ikarudishwa kwa kubahatisha. Ndiyo maana nashauri muwe na mpima mmoja mliyemkubali nyote na mgawane gharama, au wapima wenu wawili waje siku moja, saa moja.

Hapo ndipo mazungumzo yana maana. Nenda kabla zege halijamwagwa, na uende na karatasi. "Baba Brian, habari ya kazi. Naomba kabla fundi hajaendelea tuangalie bikoni pamoja, mpima wangu atakuja Jumamosi." Usimtume askari wa geti, wala usiyaanike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Chifu, mzee wa Nyumba Kumi au kamati ya mtaa wanaweza kuwakalisha chini, na Katiba yenyewe, ibara ya 60, inahimiza migogoro ya ardhi itatuliwe kwa njia za jamii. Lakini hawana mamlaka ya kuamua mpaka wa ardhi iliyosajiliwa. Yale mabaraza ya migogoro ya ardhi yaliyoundwa na sheria ya 1990 yalifutwa 2011. Mkielewana, andikeni, mtie sahihi nyote na mashahidi wenu. Na kama makubaliano ni kwamba mmoja anamwachia mwenzake kipande cha ardhi kwenye mpaka uliopimwa, karatasi ya sahihi pekee haitoshi: inabidi kipande kikatwe, kipimwe na kisajiliwe upya.

Msipoelewana, mlango unaofuata ni wa Msajili wa Ardhi. Kifungu cha 18(2) cha Sheria ya Usajili wa Ardhi kinaikataza mahakama kusikiliza mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mipaka haijaamuliwa kwa utaratibu wa sheria hiyo. Mawakili wa upande wa pili wanakijua kifungu hicho kwa moyo. Peleka maombi kwa fomu iliyowekwa na kanuni za usajili za 2017, ukiambatanisha upekuzi, ramani, ripoti ya mpima na picha. Msajili hutoa notisi kwa wenye ploti zinazopakana, kisha huja kwenye eneo akiwa na mpima wa serikali. Siku hiyo njoo na watu wanaojua historia ya mpaka: aliyekuuzia, mzee aliyepanda ule ua, fundi aliyejenga ukuta wa kwanza. Kwenye mpaka wa jumla ushahidi wao una uzito mkubwa. Safisha vichaka siku iliyotangulia ili alama zionekane, ila usiguse alama yenyewe. Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ya Msajili ni kosa la jinai, adhabu yake ikiwa hadi miaka miwili jela au faini ya hadi shilingi 200,000, au vyote viwili, na gharama ya kuirudisha ni yako. Kisheria, anayebomoa ukuta kwa hasira huweza kugeuka kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa kwa asubuhi moja.

Unaweza pia kuomba Msajili apime na kuandika kwenye rejista kwamba mpaka wenu wa jumla sasa ni mpaka maalumu, yaani uliopimwa kwa usahihi, kwa kifungu cha 19. Kwa mwenye shamba la Dagoretti anayetaka kujenga ghorofa, naona gharama hiyo ni ya lazima.

Pale ambapo mpaka ulishapimwa, bikoni zimethibitishwa, na jirani bado anaendelea kujenga, shauri lako si la kutafuta mpaka tena. Ni la kuingiliwa ardhi. Mwambie wakili aliandike hivyo, alipeleke kwenye Mahakama ya Mazingira na Ardhi au kwa hakimu mwenye mamlaka kulingana na thamani, na aombe amri ya kusimamisha ujenzi mapema. Ukingoja jengo lifike orofa ya tatu, kupata amri ya kubomoa kunakuwa kugumu zaidi na unaweza kuishia na fidia.

Na usingoje sana. Sheria ya ukomo wa mashauri, Sura ya 22, inakupa miaka 12 kudai ardhi. Jirani akikaa kwenye kipande chako muda huo wote waziwazi, bila nguvu na bila ruhusa yako, anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa mmiliki. Kuuza ploti katikati ya muda hakuanzishi hesabu upya, na barua ya malalamiko peke yake haiisimamishi; kinachoisimamisha ni kesi au kurudi kwenye ardhi yako kwa hakika. Lakini ruhusa inabadilisha mambo. Kama kipande hakikusumbui kwa sasa, mwandikie: "Nakuruhusu kutumia eneo hili la sentimita 40 hadi nitakapolihitaji," atie sahihi, na nakala ibaki kwako. Anayekaa kwa ruhusa hahesabiwi miaka.

Bikoni zikishasimikwa upya, zipige picha siku hiyo hiyo kabla udongo haujazifunika. Pima kwa futi kamba umbali wa kila bikoni hadi vitu vitatu visivyohama, kwa mfano kona ya nyumba, nguzo ya stima na mfuniko wa shimo la maji taka, uandike kwenye mchoro wa mpima. Fundi wa mabomba akija kuchimba mwakani, mwonyeshe mchoro huo kabla hajashika sururu.