Dokumentari ya Michezo Nayo Imekatwa na Mtu

“Mimi muvi za vita siangalii, mambo ya kutunga yale. Dokumentari za michezo ndiyo ukweli wenyewe.” Maneno haya nayasikia Mwanjelwa, nayasikia kwenye daladala za Uyole, na juzi nimeyasikia kwa mteja aliyekaa pembeni yangu nikimhariria video ya harusi ya dada yake. Alikuwa anatazama kwa macho yake nikihamisha vigelegele vya ukumbini kuvipeleka kanisani, na bado akasema hivyo. Kuhariri video ndiyo kazi inayonilisha hapa Mbeya, na kauli hii imenichosha. Leo naijibu.

Nianze na sauti, maana hapo ndipo mtazamaji anapotekwa bila kujijua. Mechi ikichezwa uwanja wa Sokoine na kamera ikiwa jukwaani, maiki inanasa upepo, vuvuzela, na shabiki wa jirani anayemtukana refa. Mguu ukigonga mpira husikii chochote. Sasa kaangalie dokumentari kubwa ya mpira: unasikia kiatu kikikwaruza nyasi, unasikia wavu ukivutika, unasikia hadi pumzi za kipa. Sauti za namna hiyo mara nyingi huwekwa baadaye, mtu ameketi studio na kiatu mkononi.

Ikitoka sauti inakuja sura, na hapa naomba tuelewane vizuri. Mpigaji anaweka mpira kwenye kituo cha penalti. Tunakatiwa kocha ameshika kichwa. Tunarudishwa kwa mpigaji, tena kwa kocha, sasa amefumba macho. Moyo wako unadunda. Kwenye klipu ghafi, kocha alishika kichwa dakika ya 12 baada ya kona iliyopotea, na alifumba macho kwa sababu ya jua. Penalti ni ya dakika ya 70. Hakuna picha hata moja ya uongo pale. Kila klipu ilipigwa siku ileile, uwanja uleule. Uongo umeingia kwenye kiungo, katikati ya klipu na klipu. Kamera moja haiwezi kuwa goli la kaskazini na benchi la ufundi kwa sekunde moja. Ukiona mechi ya zamani iliyopigwa kwa kamera moja inakuonyesha vyote viwili kwa pamoja, kuna mshono hapo, na mshono una mshonaji.

Wala si tabia ya jana. Michezo ya Olimpiki ya Berlin, 1936: fainali ya kuruka kwa upondo iliendelea hadi gizani, mwanga haukutosha kupiga picha, wanamichezo wakaombwa kuruka tena baadaye kwa ajili ya kamera. Miruko hiyo imo ndani ya “Olympia”, filamu ya mwongozaji Leni Riefenstahl iliyotoka 1938. Na Uingereza mwaka 1916 mamilioni waliingia kumbi za sinema kuangalia “The Battle of the Somme” huku vita vyenyewe bado vinapiganwa. Kile kipande cha askari wanaopanda kutoka handakini, mmoja akaanguka na kuteleza chini, kilipigwa nyuma ya mstari wa mbele, kwenye uwanja wa mafunzo. Majeruhi wengine kwenye filamu hiyohiyo ni majeruhi wa kweli. Vimeungwa pamoja, na mtazamaji hakupewa alama ya kuvitofautisha.

Swali jingine ni nani ana ufunguo wa maktaba ya picha. “The Last Dance” ya 2020 imejengwa juu ya picha zilizopigwa msimu wa 1997–98 wa timu ya kikapu ya Chicago Bulls, na picha hizo zilikaa miaka karibu 20 zikisubiri ridhaa ya nyota wake, Michael Jordan. Kampuni yake mwenyewe ilikuwa mshirika katika utengenezaji. Kuna mbinu moja mle ndani ambayo kama mhariri naiheshimu na kuiogopa: Jordan anapewa tableti aangalie wenzake walichosema, kisha tunaona anavyocheka. Kwa hiyo yeye ndiye anayefunga hoja. Scottie Pippen, mchezaji mwenzake, alilalamika hadharani jinsi alivyoonyeshwa, na mimi simshangai.

Au tuje Kinshasa, 30 Oktoba 1974, ngumi za Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lilianza alfajiri, saa kumi usiku ya kule, ili liwafikie watazamaji wa Marekani kwa saa zao. Dokumentari ya pambano hilo, “When We Were Kings”, ikatoka 1996, miaka 22 baadaye. Naipenda filamu ile hadi leo. Lakini wanaotuongoza zaidi kwenye simulizi ni waandishi wa Marekani waliohojiwa wakati kila mtu anajua Foreman alianguka raundi ya nane. Mtu anayejua mwisho husimulia hofu ya mwanzo kwa utulivu fulani, na utulivu huo haukuwepo usiku ule.

Sisemi dokumentari hazina thamani. John Stephen Akhwari wetu alimaliza marathoni ya Mexico 1968 kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Kamera ilikuwepo alipoingia uwanjani na mguu uliofungwa bandeji. Ile hatua ya kuchechemea hakuna mwigizaji atakayeifikia.

Tamthilia za vita nitazipitia haraka, kwa sababu zenyewe hazijifichi. Zinakwambia mapema kwamba huyu ni mwigizaji. “Das Boot” ya 1981 ni ya kuigiza, lakini waigizaji walizuiwa kukaa juani wakati wa upigaji ili ngozi zipauke kama za mabaharia wa nyambizi. Dokumentari ina shida kunipa ule msongamano, jasho na kusubiri, kwa kuwa hakuna anayepiga picha nzuri huku bomu la majini linashuka. Muvi nyingi za vita ni takataka, adui hajui kulenga na shujaa haishiwi risasi. Hilo ni tatizo la muvi mbaya.

Kuna mahali nakwama. Mwongozaji wa filamu Peter Jackson mwaka 2018 alichukua picha za kimya za Vita Kuu ya Kwanza, akazitia rangi na sauti, akatumia wasomaji wa midomo kujua askari walisema nini. Ilinigusa sana. Je, ile bado ni kumbukumbu, au imeshakuwa tamthilia yenye sura za marehemu? Kila nikiangalia napata jibu tofauti, na kazini nahitaji jibu moja.

Na kwetu huku suala hili lina uzito. Wahehe wa Mtwa Mkwawa walimuua Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani, pale Lugalo 17 Agosti 1891. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka 30 Oktoba 1894. Ndugu Lumière wa Ufaransa walionyesha sinema yao kwa watu wa Paris Desemba 1895. Kwa hiyo picha ya video ya vita hivyo haipo na haitapatikana. Dokumentari ya Mkwawa itakuwa na fuvu lililorudishwa 1954, makumbusho ya Kalenga, wazee, na taarifa ambazo nyingi ziliandikwa na Wajerumani. Hata kifo chake cha 19 Julai 1898 tunakipokea kwa sehemu kubwa kupitia maelezo ya askari wa Kijerumani aliyeikuta maiti. Anayesema tamthilia ni uongo na dokumentari ni kweli, amempa huyo askari kiti cha mahojiano na kumnyima Mhehe hata sauti.

Mimi ningeiigiza. Mikuki, vumbi la Lugalo, na Kihehe mwanzo mwisho, tafsiri ya Kiswahili chini ya skrini.