Je, wajua? "Siku 21 za kuzoea mazoezi" zilianzia kwenye pua

Kila Januari ushauri ni uleule: jikaze siku 21, baada ya hapo mwili utazoea na mazoezi yatakuja yenyewe. Watu hujikaza kweli. Siku ya 22 inafika, saa 11 alfajiri, na kitanda bado ni kitamu kama siku ya kwanza. Wengi huishia hapo, wakijihesabu wavivu wa kuzaliwa.

Hesabu hiyo haikutoka kwa mwalimu wa mazoezi. Ilitoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Aliona kwamba mtu aliyetengenezwa pua huchukua kama siku 21 kuizoea sura yake mpya, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1960 akaandika kuwa mabadiliko ya namna hiyo huhitaji walau siku hizo. Neno "walau" lilidondoka njiani watu walipokuwa wakipokezana habari. Pua nayo ikasahaulika.

Waliokuja kulipima jambo lenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, ambao utafiti wao ulichapishwa jaridani mwaka 2010. Walichukua watu 96, kila mmoja akajichagulia kitu kimoja cha kufanya kila siku kwa wiki 12: kula tunda, kunywa maji, kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Kisha wakawa wanaulizwa kama wamekifanya, na kama kimekuja chenyewe au kwa kujilazimisha. Kwa mtu wa katikati, kuzoea kulichukua siku 66. Mwepesi kuliko wote alitumia siku 18. Mzito kuliko wote alipewa 254, tena kwa makadirio ya hesabu, maana utafiti ulikwisha siku ya 84 naye bado hajafika! Waliochagua mazoezi walichelewa kuliko waliochagua maji. Si ajabu, bilauri ya maji haimtoi mtu jasho.

Sasa tazama wiki ya tatu ilivyo mbaya. Wiki ya kwanza una hamu na raba mpya, na hata maumivu ya misuli, ambayo huzidi kati ya saa 24 na 72 baada ya zoezi, unayasimulia kwa fahari. Ikifika ya tatu, hamu imeshapoa na mazoea hayajaja. Kioo nacho hakikusaidii. Nguvu unazopata mwanzoni hutokana zaidi na mishipa ya fahamu kujifunza kuiamrisha misuli. Misuli yenyewe hujaa baadaye. Kwa hiyo unabeba kizito zaidi huku kitambi kiko palepale.

Kinachojenga mazoea ni kitendo kufuata alama ileile kila mara, mpaka ubongo uvifunge pamoja. "Nitafanya nikipata nafasi" haina alama yoyote. "Nikitoka swala ya alfajiri navaa raba" inayo. "Nikivua tu nguo za kazi natoka" inayo pia. Ndiyo maana mtu aliyekimbia miaka miwili bila kukosa anaweza kuacha kabisa Ramadhani ikiingia au akihamia mtaa mwingine. Miguu ni ileile, ila kile kilichokuwa kikimsukuma kutoka nje kimeondoka, na inabidi atafute kingine.

Je, ukikosa siku moja? Utafiti huohuo wa London uliona kuwa siku moja ikipita, mazoea hayarudi nyuma kwa kiasi cha kuhesabika. Mwili nao haujali. Ukikaa wiki mbili au tatu ndipo pumzi hupungua, kwa sababu maji ya damu hupungua na moyo husukuma damu kidogo kwa kila pigo. Mimi naona wanaojiadhibu kwa kukosa Jumanne moja ndio huacha mapema kuliko wote.

Katika vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam, alama hiyo ina sauti. Mchakamchaka unasikika kwa mbali Jumamosi alfajiri, mmoja anaanzisha wimbo na wengine wanaitikia, halafu geti linagongwa na jina lako linatajwa. Saa hiyo hakuna anayekuuliza kama unajisikia.