Mota Ikiungua, Isomwe Kwanza Ndipo Isukwe

Mota ya fezi tatu, yaani inayolishwa na nyaya tatu za umeme, inapoungua kiwandani, mambo huenda kwa mtiririko ule ule. Harufu ya vanishi iliyoungua hujaa chumbani, uzalishaji husimama, fundi wa kusuka mota, yaani wa kutoa koili zilizoungua na kuweka mpya, hupigiwa simu, naye huulizwa swali moja tu: itakuwa tayari lini? Katika kazi yetu ya ukaguzi tunaziona mota zinazorudi karakana mara ya pili na ya tatu. Mara nyingi usukaji haukuwa na kasoro. Mota ilisukwa vizuri, ikarudishwa pale pale kwenye kilichoiunguza.

Koili zilizoungua hutoa ushahidi, na ushahidi huo hupotea pindi zinapokatwa na kutupwa. Kwa hiyo kabla ya patasi kugusa chochote, fungua vifuniko utazame vichwa vya koili vinavyochomoza pande mbili za stata, ile sehemu ya mota isiyozunguka. Vikiwa vyeusi sawasawa duara zima, mota ilizidiwa: mzigo ulikuwa mkubwa kuliko uwezo wake, au feni ilivunjika, au mapezi ya mwili yalizibwa na vumbi hadi joto likakosa pa kutokea. Pengine ilikuwa ikizimwa na kuwashwa mfululizo, na kila ikiwashwa moja kwa moja huvuta ampea mara 5 hadi 8 ya zile za mzigo kamili.

Vikiwa vimeungua kwa mafungu, fungu jeusi likifuatiwa na fungu safi, fezi moja ilikatika na mota ikahangaika na mbili zilizobaki. Hata muunganisho wake utaujua kwa macho: kwenye staa (koili za fezi tatu zimekutana sehemu moja), fezi mbili huungua na moja husalimika, kwenye delta (zimeungwa kama pembetatu), moja huungua na mbili husalimika. Doa moja dogo lenye shaba iliyoyeyuka ndani ya kifereji, ile nafasi ya chuma inayoshika koili, ni habari nyingine. Hapo kihami, kile kinachozuia umeme kuvuja, kilitoboka, iwe kwa unyevu, kwa waya uliokwaruzwa wakati wa kuingizwa, au kwa michomo ya volti itokayo kwenye inveta, kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Nao mkwaruzo unaong'aa kwenye chuma cha stata unaonyesha kwamba rota, sehemu inayozunguka, ilikuwa inasugua. Usilaumu koili hapo, kagua beringi na viti vyake.

Fezi iliyokatika haitafutwi ndani ya mota. Iko kwenye fyuzi, kwenye ncha zilizolika za kontakta (swichi inayowasha mota), au kwenye skrubu iliyolegea. Na relei ya ulinzi, inayopaswa kukata umeme ampea zikizidi, kwa nini haikukata? Jibu tunalolikuta mara kwa mara ni kwamba kuna mtu aliipandisha juu ya ampea za kwenye bamba la mota (kibati chenye maelezo yake) kwa sababu "ilikuwa inasumbua". Kusumbua ndiyo kazi iliyowekewa.

Kuna mwuaji mwingine asiyeacha doa la kutisha, nao ni volti zisizolingana. Tuseme unapima fezi kwa fezi na kupata 414, 397 na 389. Wastani ni 400, na iliyopotoka zaidi imepotoka kwa 14, yaani asilimia 3.5. Inaonekana ndogo. Lakini kanuni ya makadirio ya mafundi inasema joto linaloongezeka, kwa asilimia, ni karibu mara mbili ya mraba wa upotofu huo, yaani takriban asilimia 25. Mota iliyokuwa ikipanda nyuzi 80 za Selsiasi juu ya joto la hewa sasa itapanda 100. Na kwa kila nyuzi 10 za ziada, umri wa kihami hupungua kwa karibu nusu. Nyuzi 20 zimeubakiza robo.

Sasa kusuka kwenyewe. Watu wengi hudhani ubora wa kazi uko kwenye mkono unaopanga koili. Mkono una sehemu yake, ila mota nyingi huharibiwa mapema zaidi, wakati wa kutoa koili za zamani. Chuma cha stata si pande moja, ni mamia ya mabati membamba yaliyopangwa pamoja, kila bati likiwa na utando wa kihami unaozuia umeme kuzunguka ndani ya chuma. Ukichoma koili kwa moto wa wazi ili zilegee, utando huo huungua. Mabati yakianza kugusana, chuma chenyewe kinageuka jiko, na hakuna shaba mpya itakayoponya hilo. Koili zichomwe kwenye tanuri lenye kidhibiti, joto la chuma lisivuke takriban nyuzi 370, na upotevu wa umeme katika chuma upimwe kabla na baada ya kuchoma. Kipimo cha pili kikiruka juu, stata hiyo haistahili shaba mpya.

Kabla ya hapo kila kitu kiandikwe: idadi ya vifereji, mizunguko ya kila koili, nyaya ngapi zinakwenda pamoja, kipenyo cha waya, koili inaruka kutoka kifereji kipi kwenda kipi, na muunganisho. Fundi anayeandika kichwani tu ana siku atakayosahau. Kipenyo ndicho kinachochezewa zaidi, kwa sababu waya mwembamba kidogo huingia kwa urahisi. Chukua koili ya nyaya mbili za milimita 0.90. Ukiweka mbili za 0.85 umepunguza shaba kwa karibu asilimia 11, na ukinzani umepanda kwa asilimia 12. Mota itawaka na itazunguka, hakuna atakayegundua siku ya kukabidhiwa. Bili ya umeme ndiyo itakayojua.

Na bili si jambo dogo. Mota ya kilowati 15 inayofanya kazi saa 6,000 kwa mwaka kwa mzigo kamili, ufanisi wake ukishuka kutoka asilimia 90 hadi 88, itameza takriban uniti 2,270 za ziada kila mwaka. Hata hivyo, imani kwamba mota iliyosukwa lazima ipoteze ufanisi si sahihi. Mwaka 2003 mashirika ya wakarabati wa mota, EASA na AEMT, yalichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mota iliyokarabatiwa kwa taratibu nzuri hubaki na ufanisi wake. Kwa mota ndogo ya kawaida, kununua mpya huwa na hesabu nzuri zaidi. Kwa kubwa, au yenye umbo lisilopatikana kirahisi, kusuka kuna maana.

Vanishi isiwe ya kumiminwa juu juu. Stata ipashwe moto kutoa unyevu, izamishwe hadi mapovu yaishe, ikaukie kwenye tanuri, kisha irudiwe. Vanishi hufunga nyaya zisitikisike na kulipeleka joto kwenye chuma. Waya unaotikisika hujisaga mwenyewe. Beringi zibadilishwe kwa namba ile ile, na grisi isijazwe kupita kiasi, kwa maana grisi ikizidi nayo huleta joto.

Mwenye mota anapokuja kuichukua, aione ikipimwa. Mega (kipima kihami) ya volti 500 kwa dakika moja, kati ya koili na mwili: kwa mota za kawaida za chini ya volti 1,000, megaomu 5 ndicho kiwango cha chini, na mota iliyosukwa upya inapaswa kuzidi hapo kwa mbali sana. Ukinzani wa fezi tatu ulingane. Kisha iwashwe bila mzigo na ampea za kila fezi zisomwe. Kwa mota nyingi za poli nne (ncha nne za sumaku) huwa kati ya robo na nusu ya zile za kwenye bamba, na zote tatu zikaribiane. Fezi moja ikijitenga na wenzake, badilisha nafasi ya nyaya zote tatu kwa mzunguko mmoja upime tena. Tofauti ikihama pamoja na waya wa umeme, kasoro iko kwenye umeme unaoingia. Ikibaki kwenye koili ile ile, mota irudi mezani.

Namba hizo ziandikwe, na nakala ibandikwe ndani ya mlango wa kisanduku cha kuwashia, pamoja na ampea ambazo relei imewekwa.