Kurusha meseji moja magrupu yote: tunavyodhani huku kusini na ukweli wenyewe

Msimu wa korosho ukianza Mtwara na Lindi simu hazilali. Mnada umeisha, bei ya juu hii, bei ya chini hii, na muda si mrefu meseji ileile imeshapita grupu la AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima), la kikoba, la ukoo, la wazazi wa shule na hata lile la msikitini ambalo admini kaandika kabisa humu ni ratiba za darsa tu. Ukiuliza kwanini unapewa sababu, na nyingi sio za kweli.

"Nikirusha magrupu mengi inafika kwa watu wengi." Inafika kwa walewale mara nyingi. Mkulima wa Tandahimba aliyeko grupu la AMCOS ndo huyohuyo yuko la kijiji, la ukoo na la shule ya mtoto, anasoma ya kwanza, zinazofuata anazipita, akichoka anazima mlio na siku ikija taarifa ya maana imempita pia. Halafu kuna majibu, hili watu hawaliangalii kabisa. Grupu la AMCOS mtu anauliza hii bei ni ya TANECU au MAMCU, vyama vikuu vya ushirika vinavyouza korosho za wakulima, anajibiwa vizuri na karani, swali hilohilo kwenye la ukoo linajibiwa na mjomba aliyeko Dar ambaye hajagusa mkorosho tangu atoke jando, na jibu la mjomba ndo linalosambaa. Weka grupu moja linalohusika, kwingine andika mstari mmoja tu kwamba taarifa iko kule na maswali kulekule.

"Taarifa ni taarifa hata ikichelewa." Hii ndo inayoumiza mifuko. Meseji inasema "mnada wa leo" bila tarehe, inazunguka Newala siku mbili, ya tatu inaingia Nachingwea kama mpya, wakati Nachingwea wako chini ya RUNALI, chama kikuu kingine, mnada wao mwingine kabisa. Mzee anaona bei imeporomoka, anakata tamaa, na mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, huyo mlangoni na hela mkononi, gunia limeondoka kwa bei ya kutupa. Tarehe, chama, ghala, hivyo vitatu vikikosekana muulize aliyekutumia kwanza.

"WhatsApp wamebana kufowadi ili tumalize bando." Kijiweni hii inasemwa kwa kujiamini kweli. Ubanaji ulianza India 2018 baada ya uvumi wa wezi wa watoto kusambaa kwenye simu na watu wasio na hatia kuuawa na wenye hasira, Januari 2019 ukawa wa dunia nzima, mwisho chati 5 kwa mpigo. Aprili 2020, korona imepamba moto, meseji yenye mishale miwili ikaruhusiwa chati moja tu kwa wakati. Mishale miwili maana yake imeshapita mikono mitano au zaidi tangu kwa mwandishi, kwahiyo aliyekutumia huenda hamjui aliyeiandika.

"Basi nakopi na kupesti, mishale inatoka." Inatoka kweli, na sasa inaonekana umeandika wewe. Na lile neno "nimeituma kama nilivyoipokea" halikukingi na chochote. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kiliweka faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote, kwa anayechapisha uongo huku akijua ni uongo na ana nia ya kupotosha umma. Kinachotazamwa ni ulichojua na ulichokusudia, kwahiyo hakuna haja ya kutishana kila mtu akikosea bei.

"Nikikosea nafuta." Unafuta kwenye lile grupu ulilofutia, basi. Ukirusha manne unafuta mara nne, na muda wake ni siku mbili na ushee, na nakala walizozichukua wengine zinabaki zilivyo. Kuedit ni dakika 15, nako hakugusi nakala. Kwenye msiba ndo utaona. Mama kafariki hospitali, mwanae yuko kwenye basi anatoka Dar kaambiwa tu njoo mama anaumwa, picha ya marehemu na maneno ya pole inarushwa grupu la waliosoma naye, basi linasimama Somanga watu wachimbe dawa, anawasha data. Utafuta nini hapo? Habari ya msiba inasubiri wenye msiba, hata kama wewe ndo uliyekuwa wodini.

"Hizi sheria za magrupu ni maringo ya maadmini." Ziko tangu kabla ya WhatsApp. Usenet, magrupu ya majadiliano yaliyoanza 1980, walishagombana sana kwa hili, na 1994 mawakili wawili wa Arizona walirusha tangazo la bahati nasibu ya green card, kibali cha kuishi Marekani, kwenye maelfu ya magrupu, moja baada ya jingine, watu wakawaka. Mwongozo wa adabu za mtandao wa Oktoba 1995, RFC 1855, ukaandika kabisa kwamba ujumbe mmoja kwa kawaida unayahusu magrupu matano au sita hivi, sio zaidi.

Na kuanza na "samahani kwa watakaoipata mara mbili" ni ustaarabu mzuri, ila samahani haihalalishi kuuza ming'oko kwenye grupu la wazazi wa darasa la nne.